Mkasi wa Papa Nyuma ya Pazia

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, mkono wangu wa kushoto ulifungwa kwa kipande cha bitana ya buluu, ukakaa hivyo msimu mzima wa mvua. Ulipofunguliwa, ulimi wangu ulikuwa umeanza kukwama. Unakwama mpaka leo, hasa kwenye simu na mbele ya watu wanaoangalia saa. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba miaka yote hii nimekaa nikimtafuta wa kumlaumu. Wa kulaumu nilimpata zamani. Ninakula naye, ninamfulia nguo, na asubuhi ninamsaidia kufunga vifungo vya shati.

Tuliishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko Dowa, si mbali sana na Lilongwe. Tulikuwa watu watatu: mimi, Papa na Tate. Tate ndivyo watu wengi wa kwetu Bukavu wanavyomwita bibi au babu, na huyu alikuwa mama yake Papa. Mama yangu alifariki kabla hatujavuka mpaka wowote, nikiwa bado natambaa. Simkumbuki na sitajifanya kumkumbuka.

Papa alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa pale sokoni, kuta za matofali ya udongo, mlango mmoja, na katikati pazia zito la rangi ya kahawia lililogawa chumba. Mbele ya pazia palikuwa na cherehani ya miguu na benchi la wateja. Nyuma yake palikuwa na meza ya kukatia. Papa alikuwa na desturi mbili ambazo mafundi wengine waliziona za ajabu, lakini kila fundi ana ya kwake, hivyo hakuna aliyemuuliza.

Ya kwanza ni kwamba hakukata kitambaa mbele ya mtu. Alipima, akaandika chaki, akashona mbele ya soko zima, ila kukata alikata peke yake nyuma ya pazia. Alisema kukata kunataka utulivu. Mkasi wake mkubwa, aliotoka nao Bukavu ameuviringisha ndani ya shuka, haukuguswa na mtu. Watoto wa jirani waliambiwa, mimi niliambiwa, na Tate mwenyewe aliambiwa, ingawa yeye alicheka tu.

Ya pili ni kwamba aliimba vipimo. Mteja akisimama, Papa alimzungusha tepu, kisha namba ikatoka kwa sauti ya wimbo aliojitungia, wimbo mfupi wenye kupanda mara moja na kushuka mara moja: kifuaa, makumi kenda na mbili. Kiunoo, makumi saba na ine. Wateja waliupenda. Walisema fundi yule ana furaha. Nje ya vipimo Papa alikuwa mtu wa maneno machache sana, na kila neno lilitanguliwa na kikohozi. Sisi tuliamini ni vumbi la vitambaa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Tate alikuwa amenifundisha herufi na namba kabla sijaanza shule, kwa mkaa, juu ya kipande cha boksi. Hakujali nilishika mkaa kwa mkono gani. Kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari juu ya magoti, Papa akiimba nami nikiandika kwa kushoto, upesi na kwa mwandiko uliosomeka. Nilikuwa mtoto msemaji wakati ule. Watu wazima walioniona nikiwa mdogo hunikumbusha jambo hilo hadi leo.

Siku moja akaja Mama Esperanse, mwanamke wa Burundi aliyeuza maharage safu ya pili kutoka kwetu. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa. Alileta kitambaa cheupe kilichonunuliwa Lilongwe, kimefungwa ndani ya karatasi mbili ili mavumbi yasikiguse, na binti akasimama kupimwa. Papa aliimba bega, akaimba kifua, akafika kiunoni. Hapo Mama Esperanse akainama kutazama kama nimeandika sawa.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu kuhusu vipimo, kama mtu anayeuliza bei.

"Uyu mutoto anaandika mezire ya arusi na kushoto?"

Papa akakohoa.

"Kwetu, kintu yenye imehesabiwa na kushoto haikaake mu nyumba," akasema. "Inatokaka. Si ubaya, fundi. Lakini mi ni muzazi."

Akaviringisha kitambaa chake ndani ya karatasi zile mbili, akamshika binti mkono, wakaondoka. Nakumbuka yule binti aligeuka akaniangalia kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko maneno ya mama yake.

Imani hiyo haikuwa ya Mama Esperanse peke yake. Kwetu pia mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haupokei, haumsalimii mkubwa. Wamalawi nao, ukiwapa kitu kwa kushoto, wanakitazama kwanza. Kila kabila lililofika Dzaleka lilikuja na sababu zake, lakini mkono uliokatazwa ulikuwa uleule. Tulikuwa tumekimbia watu wasioelewana kwa lolote, tukajikuta tunaelewana kwa hilo.

Sokoni lisemwalo halirudi nyumbani mapema. Katika wiki mbili benchi la Papa likawa na nafasi. Waliobaki ni wale wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Nguo za arusi, za ubatizo, za kumaliza darasa la nane, zilipita mlangoni kwetu zikaenda kwa fundi wa kona. Mzee mmoja wa kanisa akaja, akakaa kwenye benchi lile tupu, akamwambia Papa kwa upole kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nilikuwa pale juu ya ndoo yangu. Nilidhani wanazungumzia samaki.

Kesho yake asubuhi Papa alinifunga mkono. Nataka kueleza alivyofanya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufungwa kwa uangalifu kiasi kile. Alichukua bitana laini iliyobaki kwenye koti la mtu, akaikunja, akaipinda kingo ili zisinikwaruze, akaipiga pasi. Kisha akauzungusha mkono wangu kwenye mkanda wa gauni, mgongoni, akafunga kitanzi cha kipepeo. Kwa mbali ilionekana kama pambo. Jioni, kabla ya kula bugali, ambao wenyeji huuita nsima, aliufungua, akausugua ili damu itembee. Hakunipiga hata siku moja. Ningependa kusema alinipiga, hadithi ingekuwa rahisi zaidi.

Tate alikuwa akichambua maharage kwenye ungo aliponiona nimefungwa. Aliacha kuchambua.

"Ukifunga mukono, utafunga na ulimi," alimwambia Papa.

Papa akakohoa, akaanza kusema, akakohoa tena. "Soko njo inatulisha, Mama."

"Mi nakuambia. Na we unajua."

Hilo la mwisho alilisema polepole, akimtazama mwanawe usoni, na Papa akainamia cherehani kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea. Nililisikia vizuri. Nililibeba kwa miaka tisa bila kujua ni la kazi gani, kama mtu anayetunza ufunguo uliookotwa.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa vichekesho. Nilimwaga uji. Nilianguka mara mbili njiani, kwa sababu mtoto huanguka kwa mikono miwili na mimi nilikuwa na mmoja. Wamalawi hupokea kitu kwa mikono yote miwili, na mama mmoja aliyenipa kipande cha muhogo aliona nimekipokea kwa mmoja, akaniuliza kama nyumbani hatufundishwi adabu. Niligeuka nimwonyeshe mgongo. Akaniongeza kipande kingine.

Mwandiko wa kulia ukaja kidogo kidogo, herufi kubwa zenye kuyumba, kisha zikatulia. Papa aliridhika. Wateja wakaanza kurudi, mmojammoja, wakichungulia kwanza ndoo yangu.

Kisha siku moja shuleni mwalimu aliniuliza jina langu ili aliandike kwenye orodha mpya. Naitwa Nsimire. Nilifungua mdomo, na jina halikutoka. Lilifika kwenye meno likasimama. Nilisukuma, likatoka kipande, kipande kilekile, mara nne, mara tano. Darasa likacheka, kwanza kwa urafiki. Mwalimu akasema nikae, ataniuliza baadaye. Niliporudi nyumbani nikajaribu kumweleza Tate, na kumweleza Tate nako kukakwama.

Sokoni maelezo yalikuwa tayari. Waliosema mkono wa kushoto una jambo walisema sasa jambo limekosa pa kukaa, limehamia mdomoni. Nilipelekwa kwenye chumba cha maombi, nikawekewa mikono kichwani, yote ya kulia. Tate upande wake alisema alishaonya, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu lililovunjika lilikuwa la asiyeambiwa. Kila mtu alipata alichokiamini. Mimi peke yangu ndiye niliyepoteza kitu, na niliogopa, niseme wazi, niliogopa sana, kwa sababu nilijua kilichopotea ni nini. Nilianza kuchagua maneno kwa urahisi wake. Niliacha kuwasalimia watu. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimeanza kukohoa.

Papa alinisikia nikikohoa. Hilo nadhani ndilo lililomgusa. Ilikuwa mchana, mvua imefukuza watu sokoni, na aliniambia nimsomee vipimo vya suruali moja ili aanze kuchora chaki. Nilitazama daftari. Neno la kwanza lilikuwa urefu. Nilikaa na lile "u" mpaka macho yakajaa maji.

Papa akaweka chaki chini.

"Usiseme," aliniambia. "Imba."

Nikamtazama.

"Imba. Kama mi."

Niliimba. Urefuu, mia moja na ine. Kiunoo, makumi nane. Yalitoka yote, mazima, hayakukanyagana. Niliimba ukurasa wote, hata vipimo vya watu waliokwisha chukua nguo zao. Papa alichora chaki bila kuinua uso. Nilifikiri ananifundisha ujanja wa ufundi.

Siku chache baada ya hapo Tate aliniita. Papa alikuwa ameenda kuchota maji. Alipita nyuma ya pazia kana kwamba ni kwake, akarudi na ule mkasi usioguswa, akasema nigeuke. Nilisikia chuma kikihangaika mgongoni. Mkasi haukukata, uliitafuna bitana, ukaikunja, ukaiachia, Tate akitukana kwa Kimashi, lugha ya kwetu, mpaka hatimaye kitambaa kikachanika badala ya kukatika. Nilishangaa. Mkasi ule, ambao uliifanya mikono ya mashati itoke kama imechorwa, kwa Tate ulikuwa kama kisu cha siagi.

Papa alirudi na ndoo, akaona mkono wangu uko huru na mkasi uko juu ya benchi. Aliokota vipande vya bitana, akavitia kwenye mfuko wa masalio, akaurudisha mkasi nyuma ya pazia. Hakunifunga tena. Lakini kazi ilikuwa imekwisha fanyika. Niliendelea kuandika kwa kulia, kwanza kwa hofu, baadaye kwa mazoea, na kigugumizi kikabaki kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani.

Na yule binti wa Mama Esperanse? Gauni lake lilishonwa na fundi wa kona, vipimo viliandikwa kwa mkono wa kulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwaka haukuisha kabla bwana arusi hajaondoka kwenda Afrika Kusini akamwacha. Silitaji kwa kufurahi. Nalitaja kwa kuwa sokoni hakuna aliyelitaja.

Tate alifariki nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Hakunieleza lolote zaidi. Nilikuwa na kumi na sita siku Papa alipodondosha kitambaa.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nikiweka vifungo, yeye yuko kwenye cherehani, na ile sauti ya miguu ikapungua, ikasimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka kwenye gurudumu ukaning'inia. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alinitazama kama anayetaka kunituma dukani, na hakukutoka hata kikohozi. Nilijua kukwama ni nini, na kule hakukuwa kukwama. Nyuma ya meno yake hapakuwa na kitu kinachosukuma.

Soko likasema amerogwa. Kliniki ya kambi ikasema kiharusi. Baada ya wiki kadhaa tulihamia kwa muda Biwi, Lilongwe, kwa ndugu mmoja wa kanisa aliyetupa chumba, na mara mbili kwa wiki nilimpandisha Papa kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mimi nikiifuata kwa miguu hadi kituoni, kisha minibasi hadi hospitali ya misheni Likuni kwa mazoezi.

Mwanamke aliyemfanyisha mazoezi alikuwa Mmalawi wa umri wa Papa, mwenye mikono mizito na subira ya mkulima. Alikuwa na tabia ya kutafuna karanga. Siku ya kwanza alichukua karanga moja, akaimenya, akaipasua kwenye kiganja, akanionyesha nusu mbili. Ubongo uko hivi, aliniambia kwa Kichewa, nami nikamtafsiria Papa. Nusu hii ya kushoto inaongoza mkono wa kulia, na ya kulia inaongoza wa kushoto. Kwa watu wengi maneno yanakaa hapa kushoto, pale palipoumia. Akala nusu zote mbili, akaendelea na kazi.

Alisema nilete vitu vya kazi yake, kwani mkono huweza kuamka ukiona unachokijua. Nikaleta mkasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika.

Tuliuweka mezani mbele ya Papa pamoja na gazeti kuukuu. Yule mama alitarajia tuusaidie mkono wa kulia. Papa hakuungoja mkono wa kulia. Aliutazama mlango, nadhani kwa mazoea, kisha akauchukua mkasi kwa kushoto. Akakata kwenye gazeti mviringo wa kwapa la gauni, mkato mmoja, bila kusita, safi hadi mwisho.

Yule mama akaacha kutafuna. Aliuchukua mkasi, akajaribu kukata kwa mkono wake wa kulia. Ukaitafuna karatasi.

"Huu ni mkasi wa watu wa mkono wa kushoto," alisema. "Baba yako alikuwa akitumia kushoto?"

Nilimjibu hapana, na nikiwa bado nalitamka hilo neno nikauona mkono wa Tate ukihangaika na bitana, na pazia la kahawia, na Papa akituambia kukata kunataka utulivu. Miaka yote ile. Mkono wangu ukiwa mgongoni, wake ulikuwa nyuma ya pazia ukifanya kazi.

Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikaketi. Nilitaka kumuuliza, na maneno yakanikwamia, na yeye hakuwa na maneno ya kunijibu, na yule mama akatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Papa aliivuta tepu ya kupimia kutoka shingoni. Alikuwa akiivaa hata hospitali. Akaiburuta mezani, akaulaza mkono wake wa kushoto juu yake, akajaribu kuuzungushia tepu, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa pili wa kufungia, akashika ncha kwa meno. Akakaa hivyo, tepu mdomoni, kifundo cha mkono kimezungushwa, akinitazama.

Ndipo ufunguo wa Tate ukapata kufuli. Na we unajua. Papa naye alikuwa amefungwa mkono utotoni. Na aliyemfunga, nani mwingine, ni yeye mwenyewe Tate, kule Bukavu, akiwa mama kijana mwenye majirani. Papa hakuwa mpole kwa asili. Alikuwa na kigugumizi, akakifunika kwa kikohozi na kimya kwa miaka arobaini, na sisi tukakiita upole. Wimbo wa vipimo haukuwa furaha ya fundi. Ulikuwa daraja pekee alilolipata, na siku ile ya mvua alinivusha juu yake.

Sikumsamehe pale pale. Nilichofanya ni kuitoa tepu mdomoni mwake. Kisha, kwa kuwa sikuweza kusema, nikaimba. "Kifuaa."

Papa alifungua mdomo. Upande mmoja tu ndio uliofunguka vizuri.

"Ma-kumi kenda," aliimba, "na mbili."

Ilikuwa sauti mbaya, yenye mate. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu cherehani iliposimama. Yule mama wa mazoezi akapiga makofi mawili madogo, vile Wamalawi wanavyoshukuru, akasema "zikomo, bambo," na nikaona amegeukia dirisha.

Baadaye nimesikia mengi kuhusu nusu mbili za ubongo. Sasa mimi ni mwalimu wa chekechea hapa kambini, kazi inayomfaa mtu mwenye kigugumizi kwa sababu robo tatu yake ni kuimba. Tulipelekwa semina huko Kauma, Lilongwe, na mtoa mada akatueleza kwamba nusu moja ni ya hesabu na nyingine ya nyimbo, na kwamba mtoto mtukutu ni mtoto ambaye nusu zake hazijalingana, tumfanyishe mazoezi ya kugusa goti la kulia kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu. Watoto walifurahi sana na utukutu ukabaki palepale. Kuna pia waliosoma zaidi yake wanaosema hakuna hakika kwamba kumfunga mtoto mkono kunamletea kigugumizi, kwamba huenda kilikuwa njiani tayari, kwamba huenda ni cha ukoo, kutoka kwa Papa kuja kwangu. Inawezekana. Kuhusu kwamba aliyepoteza kusema huweza kuimba, hilo sihitaji kulisoma. Mimi sishikilii la Tate wala la soko. Nina mashahidi wawili tu, na wote ni wa nyumba moja.

Papa alirudi kwenye kibanda. Maneno yalirudi machache, machache kuliko ya zamani, ila yakija kwa wimbo huja. Mguu hautoshi kwa cherehani, kwa hiyo mimi nashona na yeye anakata. Siku tuliyofungua tena alinionyesha kwa kidevu nilitoe pazia. Nililishusha, nikalifanya mifuko miwili ya shule. Sasa anakata mbele ya soko zima kwa kushoto. Siku za mwanzo watu walisimama kutazama, wengine wakaondoka na vitambaa vyao. Wengi walirudi. Kupunguza suruali kunahitaji fundi, na mgonjwa anasamehewa mkono.

Miaka miwili baada ya hapo Mama Esperanse akasimama mlangoni. Alikuwa amezeeka. Nyuma yake alikuwapo binti mdogo, na mkononi kitambaa cheupe ndani ya karatasi mbili.

Alimtazama Papa, akautazama mkasi, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Ule wa kwanza, tulipimisha na kulia," alisema. Akaanza kufungua karatasi. "Pimeni tu."

Nilichukua daftari. Papa akamzungusha binti tepu, mimi nikiishika ncha ya pili, akaimba, kwa sauti ile yenye upande mmoja, bega. Nikaandika. Nikangoja kifua. Hakikuja. Nilidhani amechoka. Nilipoinua uso nikaona haangalii tepu, anaangalia kalamu iliyo katika mkono wangu wa kulia. Alikuwa anangoja.

Mama Esperanse naye alikuwa anaangalia, na hakuinuka kwenye benchi.

Niliihamisha kalamu. Papa akaimba kifua, akaimba kiuno, akaimba urefu hadi kisigino, nami nikaandika yote kwa kushoto, polepole, ulimi nje. Nilikuwa na miaka kumi na minane na mwandiko mzuri ambao wateja walikuwa wakiusifu. Nilipomaliza nikatazama ukurasa. Namba zilikuwa kubwa, zimelala upande mmoja, na tatu nilikuwa nimeiandika imegeuka. Ulikuwa mwandiko wa mtoto wa miaka saba. Mkono ule ulikuwa umekaa palepale ulipoachwa, ukingoja kuitwa.